Mkono Juu Jangwani Chalbi

Gwiza wa Kimironko amebeba abiria kwa pikipiki jijini Kigali miaka mingi, na mkono wake wa breki hausubiri amri ya kichwa. Mtu akiinua mkono kando ya barabara, yeye husimama. Ndivyo alivyokwama katika jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, alikokwenda na marafiki kuvuka mchanga kwa pikipiki. Kenny, mmoja wao aliyetangulia, aliinua mkono kwa furaha tu. Gwiza akashika breki, gurudumu la nyuma likazama.

"Dada, huku hakuna abiria," Kenny alimwambia aliporudi kwa miguu. "Iko ngamia tu."

"Ngamia ana faida kuliko wewe. Sukuma."

Gari la msaada lililofuata msafara wao lilikuwa linakaribia, na sharti lilijulikana: atakayevutwa nalo atamalizia safari ndani yake. Gwiza akapunguza upepo wa tairi, Kenny akasukuma mpaka akala mchanga, pikipiki ikachomoka ikinguruma. Gwiza hakusimama hata kushukuru. Mbele, wenzake walikuwa wamejipanga kwenye ardhi ngumu, wote wameinua mikono kumjaribu. Akanyoosha vidole visiguse breki, akaongeza mwendo, akawapita akicheka ndani ya helmeti.