Siku Nilipopokea Nyumba Isiyo Yangu

Kuna aibu ambazo mtu huzisimulia akicheka, na hii yangu huwa naianza hivyo hivyo, ila nikifika katikati kicheko huniishia mdomoni, kwa hiyo chekeni mapema.

Asubuhi moja nilitoka mtaa wa Namuwongo, Kampala, bila mpango wowote (mwenzangu niliyekuwa nalala kwake alikuwa ameanza kuniuliza naondoka lini, na swali kama hilo mimi huwa sisubiri liulizwe mara ya pili), nikafuata reli, kisha nikaiacha reli nikafuata lori la mchanga kwa sababu tu nilitaka kujua linakwenda wapi, na jua lilipokuwa kali nikajikuta Bweyogerere, nimesimama mbele ya nyumba isiyo na milango, namwuliza fundi kwa nini anaumwagia maji ukuta uliokwishajengwa.

Fundi aliendelea kumwaga. Alinijibu mwenye nyumba, mama wa Kinubi mwenye duka la jumla Kisenyi, Hajati Mastura.

"Saruji lazima inywe ndipo ishike, mwanangu. Na wewe ni wa wapi, mbona unauliza kama polisi?"

Nikamwambia mimi ni Mkenya, natoka Bungoma, shule niliiacha darasa la sita na tangu hapo nasoma kwa kuuliza. Akacheka sana. Kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kulala pale alinde saruji na nondo, na jioni ile ile nikatandika godoro kwenye chumba kitakachokuwa cha mama yake.

Huyo mama ndiye aliyekuwa sababu ya nyumba. Sote tulimwita Haboba, yaani bibi kwa Kinubi. Miguu ilikuwa imemkataa, na kule Kisenyi walikuwa wanaishi ghorofani, choo kiko chini uani, kwa hiyo kila haja wajukuu wanambeba kushuka ngazi na kumbeba kupanda, majirani wanatazama. Hajati aliniambia mama yake alikuwa ameanza kukataa kunywa maji mchana ili asibebwe. Basi hii nyumba mpya ilikuwa ndogo, lakini choo na bafu vilikuwa ndani, karibu na kitanda. Ukweli ni kwamba Hajati alikuwa anajenga choo, vyumba vingine vilikuwa vya kukizunguka tu.

Mimi na udadisi wangu nikamsumbua mpaka akanieleza mkataba wake na fundi mkuu, mtu tuliyemwita Ssalongo kwa kuwa ana mapacha. Ulikuwa mkataba wa kazi tupu, Hajati analeta vifaa, Ssalongo analeta mikono, na malipo yanakwenda kwa hatua, msingi, kuta, paa, umaliziaji, kisha mwisho kabisa makabidhiano.

"Hapo kwenye makabidhiano ndipo watu wanalia," Hajati alisema. "Kabla ya kupokea unapita chumba kwa chumba, unafungua kila bomba, unamwaga maji kila tundu uone yanakwenda wapi. Ukishapokea ni kama umeoa. Kasoro uliyoweza kuiona ukanyamaza, ni yako."

Nilielewa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilielewa vizuri kabisa, hata nikawa nawafundisha majirani wakija kuomba moto.

Kisha Hajati akasafiri kwenda Arua kufuata bidhaa. Siku ya kuondoka alimwambia Ssalongo mbele ya mwenyekiti wa mtaa, "Mimi sipo, jambo lolote mwulizeni huyu." Alimaanisha saruji, jamani. Mimi nikasikia jambo lolote.

Ssalongo alikuwa na kazi nyingine inamsubiri Mukono na alitaka kufunga hii haraka. Jumamosi moja mchana akaja na nyama ya mbuzi na kreti ya soda, akamwita mwenyekiti, akawaita majirani, vijana wake wakanikalisha kwenye kiti cha mbele (kiti chenyewe kilikuwa ndoo iliyogeuzwa, lakini ilikuwa mbele).

"Ssebo, leo wewe iko mkubwa hapa," Ssalongo akaniambia, akiniita bwana kwa Kiganda. "Umeangalia nyumba?"

"Nimeangalia."

"Yote?"

"Ssalongo, mimi nalala humu!"

Watu wakapiga makofi. Na sikuwa nadanganya, kwa sababu mtu anayelala ndani ya nyumba hudhani anaijua. Sikukumbuka kwamba kwa muda wote ule nilikuwa naoga nje kwa beseni, kwa kuogopa kuchafua vigae vya watu, na choo nilikuwa natumia cha shimo kule nyuma walichochimba mafundi. Wakanipa kalamu na karatasi ya makabidhiano, nikatia sahihi kubwa kama ya waziri, kisha kijana mmoja akaelekeza simu yake kwangu akasema, "Mkubwa, tupe neno," na mimi badala ya kuendelea na mfupa wangu, nikasimama.

"Kwa niaba ya Hajati naipokea nyumba hii kwa mikono miwili! Nimekagua mwenyewe, haina kasoro hata ya tundu la sindano!"

Jioni nilimpigia Hajati nikamwambia Ssalongo amemaliza. Kwamba nimepokea sikumwambia, nilitaka awe na furaha ya ghafla.

Aliporudi, akidhani makabidhiano yatafuata, akaandaa kwanza dua ya kuhamia. Ndugu walijaa, mikeka ikatandikwa sebuleni, Haboba akaletwa kwa gari akakalishwa kwenye kiti chake katikati, amevaa gurbaba mpya, lile vazi la wanawake wa Kinubi, anacheka na kila mtu. Wageni wakatumia choo, wanaume wakaingia bafuni kutia udhu, mmoja baada ya mwingine, bomba halikufungwa. Sheikh akaanza dua. Nami nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nimejaa fahari, ndipo nikasikia mama mmoja akinong'ona, "Jamani, mbona mkeka unaelea?"

Bomba la maji machafu lilikuwa limelazwa kinyume. Mteremko wake ulielekea ndani. Maji yote ya udhu yalikwenda yakagota, yakarudi na mengine yasiyosemeka, yakapita ukumbini hadi sebuleni na harufu yake. Sheikh akainua kanzu, watu wakaruka na viatu mkononi, mikeka ikakunjwa, na katika kufumba na kufumbua sebule nzima ilikuwa imehamia uani. Haboba peke yake ndiye aliyebaki amekaa, maji yanamzunguka miguu, anatutazama.

Ssalongo alipoitwa alikuja bila wasiwasi hata kidogo. Alimsikiliza Hajati mpaka akamaliza kufoka, akatoa simu, na mimi nikasikia sauti yangu mwenyewe uani, haina kasoro hata ya tundu la sindano, kisha akairudia kwa waliokuwa nyuma.

"Huyo ni mlinzi wangu!" Hajati akapiga kelele.

"Nnyabo, mama, ulisema jambo lolote tumwulize. Tulimwuliza."

Mwenyekiti akakohoa. "Hata mimi nilisikia, Hajati. Mahakamani unaweza kwenda, ila kitu cha kwanza watakuonyesha ni hicho."

"Mhandisi!" mjukuu mmoja akaniita. "Tupe neno!"

Watu wakacheka, kisha wakaacha, maana fundi mwingine aliyeitwa kukagua alikuwa ameshatuambia kwamba vigae vyote na sakafu mpaka kwenye shimo la maji machafu lazima vivunjwe, na Hajati alikuwa amekaa juu ya tofali. Duka lilikuwa limekwisha kuingia ndani ya zile kuta. Hakuna cha kuvunja wala kujenga tena mwaka huu, labda na mwaka ujao.

Wajukuu wakambeba Haboba kumrudisha garini. Alipofika mbele yangu akawaambia wasimame.

"Mwanangu, humu ndani hukuoga hata siku moja?"

"Hapana, Haboba."

Akatikisa kichwa polepole, wakaenda naye Kisenyi, kwenye ngazi. Hajati hakunitukana. Aliniambia nichukue godoro langu, basi, na ningefurahi kama angenipiga.

Nilitembea mpaka Katwe. Jua lilikuwa linazama, wapiga mabati wanagonga kama kawaida, na mama mmoja mwenye vyumba vya kupanga akaniuliza swali ambalo kila mwenye nyumba mji huu huuliza. "Nani anakujua hapa Kampala? Nipe jina la mtu."

Namba ya Hajati ilikuwa ya kwanza kwenye simu yangu. Nikaitazama. Njiani nilikuwa nimeapa kwamba sitasimama tena kwa niaba ya mtu yeyote, hata kama ni kusema ndiyo tu, lakini sikuwa nimefikiria nani atasimama kwa ajili yangu.

"Hakuna," nikasema.

Akanipima kwa macho, akanionyesha pembe ya stoo, kati ya masufuria yasiyo na mishikio. "Lala hapo mpaka apatikane mtu."

Nikatandika. Bado hajapatikana.