Umri wa Bibi Ermengarda

Ngome ya Ras Hawra ilikuwa imebakiwa na mnara mmoja mzima, kinu cha miwa kisichosaga, na Bibi Ermengarda. Vijiji vyote sultani alishavimega kimoja kimoja, lakini Bibi bado alijiita mtawala wa pwani ya Shamu na kutaka wauza vitunguu wambusu mkono. Nufayla, mtumishi wake, alimtazama akasonya kimoyomoyo. Alizaliwa jikoni mwa ngome hiyo. Mama yake ndiye aliyemnyonyesha Bibi, na chumba chake chini ya ngazi ndicho kitu pekee alichokuwa nacho duniani.

Mwaka huo mkuu wa Wafranki, Wazungu wenzake Bibi waliokuja na vita vya msalaba, alimtuma Bwana Gualtero na wanaume watatu. Kwa sheria yao, mjane mwenye ngome lazima aolewe ili ngome ipate mwanamume wa kupigana, naye huchagua mmoja kati ya watatu anaoletewa. Akishafika sitini anaachwa kwa amani na mali yake. Na watatu hao walikuwa aibu tupu: mzee kiziwi, mlevi, na kijana Anselmo, aliyekwisha kupoteza kwenye kamari mashamba ya wake wawili.

"Taja umri wako, Bibi," Nufayla alimnong'oneza. "Wataondoka hata chakula hakijaiva."

Bibi alijibu kwamba mwanamke wa ukoo wake hazeeki mbele za watu. Akajipaka hina nyingine.

Barazani, Gualtero alipouliza, Bibi alisema ana miaka arobaini na tisa. Nufayla alishindwa kujizuia.

"Anakudanganya, bwana. Mimi nina sitini na mmoja, na tulinyonya ziwa moja. Au mwenzenu nilikuwa nanyonya mpaka miaka kumi na miwili?"

Makabaila walicheka hadi wakashika mbavu. Kisha Gualtero akaeleza kwamba katika baraza lao kiapo cha Msiria, mwenyeji kama Nufayla, dhidi ya Mfranki hakina uzito. Aape Bibi mwenyewe. Injili ikaletwa. Bibi akaweka mkono juu yake, akaapa arobaini na tisa, akamchagua Anselmo kwa sababu alimwita mrembo. Mpumbavu yule, mbele ya Mungu na wanaume.

Asubuhi baada ya harusi, Anselmo alikuwa na funguo zote kiunoni.

"Bwana anataka chumba chako," Bibi alimwambia Nufayla bila kumtazama. "Cha mbwa wake wa kuwinda."

"Na mimi niende wapi?"

"Si ulisema una sitini na mmoja? Vikongwe hupokelewa na watawa."

Nufayla alifunga kifurushi chake huku moyo ukimuwaka. Langoni alimkuta Anselmo na watu wa sultani, wakipatana siku ya kukabidhi ngome. Hawakuteremsha hata sauti. Kwao alikuwa bibi kizee wa jikoni tu. Angeweza kurudi juu kumwambia Bibi. Aliwaamkia wanaume wale kwa adabu, akapita.