Wembe Ndani ya Sanduku la Baba

Baba yangu alifuga ndevu maisha yake yote. Alizipunguza kwa mkasi kila Ijumaa, akazipaka mafuta, basi. Ndiyo maana nilishangaa, baada ya yeye kufariki, nilipofungua sanduku lake na kukuta wembe wa kukunja, ule wa vinyozi, umeviringishwa kwenye kipande cha leso.

Wakati huo nilikuwa karani bandarini, na tulikuwa tumepanga Chaani, mimi na mke wangu aliyekuwa mja mzito. Kila ulipopita ulisikia habari za uhuru unaokuja. Mama alikuwa amehama Likoni kuja kukaa nasi, na sanduku la marehemu akaja nalo.

"Mama, huu wembe wa nini?" nilimuuliza.

Alikuwa akichagua mchele. Aliutazama, kisha akarudisha macho kwenye uteo. "Ni wembe tu," akasema. "Umeshakufa huo."

Kweli ulikuwa umekufa. Bapa lilikuwa limeliwa na kutu, na mpini wake wa pembe ulikuwa umetobolewa na wadudu hata upande mmoja ukawa kama chujio. Lakini mtu mwenye ndevu awe na wembe kwa kazi gani? Swali hilo lilinikaa. Nikaamua kuufufua, angalau nijue ulikuwa kitu gani.

Jirani yetu alikuwa Mkamba, mchonga vinyago. Jumapili moja, alipotoka kanisani, nilimkuta kibarazani kwake nikampa. Akaugeuzageuza.

"Mimi najua twiga na vifaru," akasema akicheka. "Hii sijawahi kuifungua. Tuifungue?"

Tukakata vijisumari vya shaba vilivyoushika mpini. Kule mkiani, katikati ya vipande viwili vya pembe, kikadondoka kipande kidogo cha madini ya risasi, chembamba huku, kinene huku, mfano wa kabari. Hatukuelewa kazi yake. Jirani akakitupa kwenye mkebe wake wa misumari.

Bapa nililishughulikia mwenyewe, kila nikitoka kazini. Nililipaka mafuta ya taa, nikalisugua kwa jivu, kisha kwa msasa laini uliolowa. Kutu ilivyozidi kutoka ndivyo hamu yangu ilivyozidi, kwani nilitarajia jina, alama, chochote. Mwishowe, karibu na shina, ikajitokeza nyota ndogo ya kiwandani, na chini yake mikwaruzo miwili iliyopishana. Hiyo ilikuwa kazi ya mkono wa mtu. Nilimwonyesha Mama. Alipitisha kidole gumba juu ya mikwaruzo ile, akaingia ndani.

Jirani naye alichonga mpini mpya wa mpingo, vipande viwili vyembamba vilivyong'aa kama vimetiwa mafuta. Akavitoboa kwa keekee, tukapitisha waya wa shaba, tukagonga ncha zake taratibu mpaka zikatanuka. Ulipendeza! Tukaukunja, makali yakauma mti. Tukaunyoosha, tukaukunja tena, yakauma upande wa pili. Tulipojaribu kulazimisha, kipande kimoja kikapasuka penye tundu.

"Iko kitu tumeacha," jirani akasema.

Tukakaa tukiutazama. Kisha yeye akaanza kuchakura ndani ya mkebe wa misumari, nami nikajua anatafuta nini. Ile risasi! Ilikaa mkiani kuvitanua vipande viwili vya mpini, ili bapa lilale katikati lisiguse huku wala huku. Akachonga kipande kingine, tukairudisha risasi mahali pake, na safari hii wembe ukajikunja bila sauti. Tulipeana mikono pale kibarazani kama watu waliojenga meli.

Niliunoa kwenye jiwe lenye maji, kisha kwenye mkanda wa ngozi, mpaka ukawa wanyoa malaika, vile vinywele laini vya mkono wangu.

Mke wangu akajifungua mtoto wa kike. Siku ya akika, mtoto alipotimiza siku saba, nikasema nitamnyoa mwanangu mwenyewe, kwa wembe niliouhangaikia. Nilipomshika kichwa tu, akalia kwa nguvu.

"Wamshika hivyo?" Mama akasema. "Nipa mimi."

Aliketi mkekani akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu yake, akamlowesha nywele kwa maji ya vuguvugu. Wembe aliushika kwa namna nisiyopata kuiona, kidole cha mwisho kikiutuliza mkia. Ulipita kando ya utosi, ukazunguka, ukashuka. Mtoto akanyamaza.

"Mama, umejifunza wapi?"

"Kwa babangu. Alikuwa kinyozi, na hakujaliwa mtoto wa kiume. Alama ile aliikwaruza yeye, siku aliyonipa." Akafuta bapa kwa kitambaa. "Watoto wa Likoni wa zamani zangu, wengi nimewanyoa mimi."

"Kumbe si wa Baba?"

"Babako aliniwekea tu. Kabla yako nilizaa mwengine. Nikaunoa, nikauweka tayari. Siku ya saba hakuifikia." Aliulowesha wembe. "Nikamwambia babako auondoe machoni pangu."

Mke wangu aliacha kukunja nguo. Katika umri wangu wote sikuwa nimeambiwa kwamba nilitanguliwa na mtu.

"Alikuwa mwanamume au mwanamke?" nikauliza.

"Mwanamke," Mama akasema. "Alikuwa na nywele nyingi, wallahi, mpaka shingoni. Hebu nisogezea hayo maji."

Nikamsogezea. Akamgeuza mwanangu polepole, akamkunja sikio kwa ncha ya kidole, akaanza upande wa pili.