Kizuberi

Upande wa Alunguli, mutu akitumwa ndoo moja ya maji, naye akataka kubeba muto Lualaba wote, watu wanasema: huyu ana kizuberi. Neno hilo zamani lilikuwa mutu mwenye miguu miwili, Zuberi, kapita, ni kusema musimamizi, wa mashamba ya mupunga wakati wa Bula Matari, serikali ya Wabeleji.

Muzungu wa mashamba alimupa kamba ya hatua makumi tano: kila mwanaume alime urefu huo. Zuberi, kwa njaa ya kusifiwa, akaiungia hatua kumi zake mwenyewe. Muke wake Mwayuma akamutazama anavyokaza fundo.

"Muzungu aliomba makumi tano. Hizi kumi ni za nani?"

"Za moyo wangu, mama."

"Basi moyo wako utatuchimbia shimo."

Siku ya kuinyosha kamba ile, ndege walinyamaza toka Kindu mpaka Punia. Mwewe alijaribu kuifuata, akatua katikati kupumzika. Muzungu alifurahi. Akamuvalisha Zuberi kofia nyekundu, akatangaza kwamba tangu leo sheria ni makumi sita. Atakayepunguza, fimbo.

Mupunga ukaota, siku ya kupima ikafika. Shamba la mwisho lilikuwa la muzee Sumaili, baba yake Mwayuma, mwenye goti bovu. Kamba ikapita mupunga wote, ikaingia porini. Zuberi akairudisha, akaivuta tena polepole, labda itamuhurumia.

"Inabaki ngapi?" muzungu akauliza.

"Kumi, Bwana."

"Fimbo nane. Wewe utasimama karibu, utahesabu."

Fimbo ya serikali ilipigwa juu ya matako wazi. Na kwetu, mbele ya baba wa muke wako hata kula huli. Ukiuona uchi wake, ndoa imekufa, hakuna mbuzi wa kuifufua.

"Bwana, huyu njo mukwe wangu. Mwengine ahesabu."

"Kapita mwenye bidii kama wewe iko wapi?"

Muzee akalala juu ya majani, akafungua nguo mwenyewe, asingoje kuvuliwa na askari.

"Hesabu, mutoto yangu," akasema. "Na usiongeze."

Zuberi akafumba macho. Kwa fimbo ya tatu muzungu akamuamuru ayafumbue.

Habari ilimutangulia nyumbani. Alikuta mikeka haiko, watoto hawako, na jiko limemwagiwa maji. Majivu yalikuwa bado yanatoa moshi.