Shati la Mkwe

Mimi hushonea nyumbani. Sina kibanda wala kibao cha tangazo. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, iko chini ya dirisha hapa Ziwani, mahali marehemu mume wangu alipoiweka, na haisogezwi ila siku ya kupaka rangi. Nimeshona sare za shule, foronya, vitambaa vya makochi na mapazia ya majirani. Nimeharibu pia. Watu wanaodhani kushona nyumbani ni mchezo wa mama mzee wa kupitisha wakati hawajawahi kukata mahameli ya mapazia, kipande kimoja manyoya yakilala juu na kingine yakilala chini, halafu wangoje mwenyewe ayatundike ndipo waone yamekuwa rangi mbili. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Huwezi kukiomba msamaha.

Lakini mapazia hayo hayakunitoa jasho kama shati moja la kitenge. Lilikuwa la mkwe wangu.

Kitindamimba wangu alikuwa ameishi na huyo mwanamume kule Pipeline hadi mtoto wao akaanza kuongea. Yeye ni dereva wa lori la simenti, mtu mkubwa, mpole, na sikuwa na neno naye ila moja: hakuwa ameleta mbuzi. Kwetu Ukambani, mwanamume asipoleta mbuzi wa ntheo, yule mwanamke si mke wake, hata wakizaa darasa zima. Akifa leo watu wataanza kuulizana azikwe wapi. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi, si harusi wala keki.

Mume wangu hayupo, kwa hivyo wa kupokea mbuzi alikuwa ndugu yake mkubwa. Huyo mzee hana mzaha. Mara ya kwanza kijana alipokuja kujitambulisha, alikuja na fulana ya mpira, jina la mchezaji limeandikwa mgongoni. Mzee alimwangalia, akachukua fimbo yake, akaenda zake bila kunywa chai. Ilichukua muda mrefu na watu wengi kumbembeleza hadi akakubali Jumamosi nyingine. Alisema hivi, na alisema mbele yangu: ikiharibika hiyo, asisikie tena habari za mbuzi wa kijana huyo maadamu yeye yu hai.

Binti yangu ndiye aliyetaka tushone sare. Alinunua kitenge Gikomba, chenye ndege wakubwa wa bluu, nikashona gauni lake, langu, na shati la mzee. Mzee alilijaribu, akajiangalia kwenye kioo cha kabati, akasema siku hiyo hatahitaji kuambiwa nani ni wetu, ataangalia kitambaa. Tukafurahi. Hatukujua tumejifunga kamba wenyewe, kwa sababu sasa ilikuwa lazima mkwe naye alivae.

Na mkwe mimi simpimi. Mama na mume wa binti yake wana nthoni kati yao. Hatushikani mikono, hatuketi tukitazamana, wala siwezi kumzungushia tepu kifuani kama mteja. Nyumba yetu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, upande mmoja makochi, upande mwingine kitanda na cherehani. Yeye akija mimi huvuka upande wa kitanda na tunasalimiana pazia likiwa limeshuka. Wasichana wa siku hizi wanacheka. Wao huwakumbatia wakwe hadi kwenye picha za simu. Wakumbatie. Mimi nililelewa hivi.

Kwa hivyo nilimwambia binti yangu aniletee shati moja la mume wake linalomkaa vizuri, nilipime hilo. Hiyo ndiyo njia yetu, na haijawahi kunikosesha. Aliniletea shati la samawati, limekunjwa kama la dukani, kola imesimama, vifungo vyote vipo. Nililipenda. Nikasema, kumbe huyu mtu anajitunza. Nikalilaza juu ya kitenge, nikalifuata kwa kipande cha sabuni, nikakata. Vipande vilivyobaki nilivifanya foronya za mito ya makochi, ili wageni wakute nyumba nayo imevaa.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana walikuja kulijaribu. Nikavuka pazia, tukasalimiana, nikamsikia akipokea shati na kushukuru. Halafu nikasikia kitambaa kikivutwa. Kikavutwa tena. Binti yangu akaanza kucheka, kisha kicheko kikakatika katikati.

"Mama," akasema, "halifungi."

"Limekataa wapi?"

"Kila mahali."

Nikamwambia aache ujinga, aniambie kitu kimoja kimoja. Akasema mabega yamebana, mikono imekwama juu ya kiwiko, na vifungo na vitundu vinatazamana kwa mbali kama watu waliogombania shamba. Nikasema amwambie ainue mkono mmoja, polepole. Akamwambia. Nikasikia mshono wa kwapa ukipasuka, sauti ambayo fundi yeyote huisikia kwenye meno.

"Mwambie aushushe!"

Nilisimama na mkono wangu umeshika pazia. Ningetoka, ningeona shida yote kwa mara moja. Nilirudi nikaketi. Nikachukua shati la samawati, nikalitandika kitandani, nikaagiza lile la kitenge livuliwe na kupitishwa ndani, nikayalaza pamoja. Yalikuwa sawa, bega kwa bega, pindo kwa pindo. Sikuwa nimekosea hata upana wa uzi.

Nikauliza, "Hili la samawati ni lake?"

 Binti yangu akasema ndiyo, ni lake. Kisha akanong'ona, na pazia si ukuta, "Wee, si uliniambia hii shati ni yako?"

Mwanamume akakohoa. "Mama, si langu," akasema. "Ni la jirani wa chini."

"Kwa nini uniletee la jirani?" binti yangu akamuuliza.

"Zangu hazikuwa za kuonyeshwa mtu."

Hapo nilikasirika kweli. Nilimwambia binti yangu, nikijua mume wake anasikia, kwamba mimi sikuomba shati la kwenda kanisani, niliomba mwili wa mtu. Kwamba sasa nimemshonea jirani wa chini, basi na aje yeye na mbuzi.  Kule nje watoto walikuwa wakipiga mpira kwenye ukuta wetu, pu, pu, na kila pigo lilinikumbusha kwamba kesho ni Jumamosi.

Binti yangu alimpigia yule muuza vitenge. Mwenyewe akasema ndege wa bluu wameisha, lakini anao wengine wanaofanana nao sana. Nikamwambia akate simu. Mzee alisema ataangalia kitambaa, na macho ya mzee ni mazima kuliko yangu. Akiona ndege wengine atasema huyu kijana amekataa nguo yetu, na hapo ndipo fimbo itakapochukuliwa.

Zilibaki foronya. Nilimwambia binti yangu avue mito yote na kunipa, akafanya hivyo bila kuuliza. Nilianza kufumua. Kila foronya ilikuwa na kitambaa cha kutosha ubavu mmoja, nikibahatika. Lakini niongeze kiasi gani? Nikikosea tena hapakuwa na foronya nyingine. Nikampa binti yangu tepu kupitia chini ya pazia, ampime kifua. Akaniambia namba. Ilikuwa kifua cha mtoto wa darasa la pili. Nikasema aangalie tena. Akaniambia nyingine, hiyo ikawa ya ng'ombe. Alikuwa akisoma inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na kila nilipomfokea tepu ilimponyoka. Huyu msichana anauza dawa kwenye duka la watu siku nzima na hakosei chupa, lakini mbele ya tepu yangu amekuwa hivyo tangu utotoni.

Nikauliza, "Hilo shati alilokuja nalo leo, nalo ni la jirani?"

"Hapana, mama," akasema mwanamume. "Hili ni langu."

"Mwambie alivue. Lipite hapa."

 Nilisikia tu kochi likilia. Nikangoja. Nilidhani atakataa, na kama angekataa mimi sikuwa na la kufanya, ningeenda jioni kwa mzee kumwambia mwenyewe kwamba imeharibika. Halafu nikasikia vifungo. Mkono wa binti yangu ukaingia pembeni mwa pazia na shati limebanwa kuwa bonge, kama kitu kilichookotwa.

"Mama," yule mwanamume akasema, "usiangalie kola."

"Naangalia mabega," nikamwambia.

Ukiacha salamu, ilikuwa mara ya kwanza kumjibu bila kumpitia binti yangu.

Shati lilikuwa la rangi ya kaki. Nililigeuza ndani nje. Lilikuwa kubwa mno, mabega mapana, mkono mrefu, na mgongo umevutika pale anapoegemea kiti cha lori. Chini ya kwapa mtu alikuwa ameshona kiraka kwa uzi wa gunia, sindano kubwa, mishono mirefu. Binti yangu hashoni. Kwa hivyo alishona mwenyewe. Nililitandika kitandani, nikaweka la kitenge juu yake, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona ukweli: limepungua kiganja kizima kila upande, na kwapani linataka kipande cha pembe nne, la sivyo hatainua hata kikombe.

Nikafumua ubavu wote. Nikakata foronya. Ndege walikuwa wakubwa na foronya ni ndogo, kwa hivyo upande wa kulia ndege alikaa sawa, lakini upande wa kushoto kitambaa kilitosha tu nikikigeuza. Nilijaribu hivi na hivi. Hapakuwa na namna. Ndege huyo angelala miguu juu, na mimi ambaye huwarudisha nyumbani wasichana ninaowafundisha kushona kwa kosa dogo kuliko hilo, nikamkata hivyo hivyo.

Katikati ya ubavu wa kwanza sindano ilivunjika. Niliyoibadilisha ilikuwa ya mwisho, nayo nene, ya kushonea turubai. Nikakanyaga taratibu, karibu nizungushe gurudumu kwa mkono, maana hiyo nayo ikivunjika ningemalizia kwa mkono na macho haya.  Mwanamume alikuwa ameketi amejifunga leso ya binti yangu mabegani, kama nilivyoambiwa baadaye. Kila cherehani iliposimama nilisikia wamesimama kupumua.

Nilipomaliza nikalipitisha. Nikaketi na mikono mapajani.

"Limefunga?"

"Limefunga," binti yangu akasema.

"Hadi kifungo cha chini?"

"Hadi cha chini."

"Ainue mikono yote miwili." Nikasikiliza. Hakuna kitu. "Ainame kama anayefunga viatu." Hakuna kitu. Nikasema basi, livuliwe likapigwe pasi, na waende, wana njia ndefu.

Lile la kaki nililikunja mwenyewe kabla ya kulirudisha. Kola niliiingiza ndani. Mwanamke mmoja wa kanisani niliyemsimulia aliniuliza kwa nini sikuigeuza, maana kola iliyochakaa hugeuzwa upande mzima ukakaa nje, na hiyo kazi ninaweza kuifanya nikiwa nimefumba macho. Nilimwambia mtu aliniomba nisiangalie. Ningeigeuza, ningekuwa nimemwambia niliangalia.

Jumamosi mbuzi walifika wakiwa wazima, wakafungwa kwenye mlingoti wa kamba ya nguo, na watoto wa mtaa wote wakaja kuwaona. Wageni waliketi kwenye makochi, mito iko uchi, sponji ya njano inachungulia. Mimi na wanawake wenzangu tulikuwa nyuma ya pazia na sufuria ya chai. Mzee aliingia na shati lake. Nilisikia fimbo ikigonga sakafu, kisha ikanyamaza mahali nilipojua mkwe wangu amesimama.  Mwanamke aliyekuwa akimimina chai akaacha kumimina.

"Kijana," mzee akasema, "huyu ndege wako wa ubavuni, mbona amelala chali?"

Nilifunga macho. Nilidhani atasema ni mimi niliyeshona, au atasema hajui, na lolote kati ya hayo lingemwonyesha mzee mtu asiyejua alichovaa.

"Amechoka, mzee," mkwe wangu akasema. "Alianza safari ya kuja hapa zamani."

 Mmoja wa wajomba akacheka kwa pua, mwingine akafuata, na mwishoni nikamsikia mzee mwenyewe, kicheko kikavu kama mtu anayekwaruza sufuria. Kochi likalia. Alikuwa ameketi. Akasema mbuzi wafunguliwe waletwe mlangoni, awaone meno.

Binti yangu akaja nyuma ya pazia macho yamemwiva. Akaniambia mzee amepokea. Nilimwambia nimesikia, apeleke chai kabla haijapoa.