Hakuna Aliyemwambia Mama Ageuke

Niliondoka kwetu Lorugum kwa hasira, na sababu ni shingo ya mama yangu.

Miaka minne mama alikuwa na mabaka yanayowasha shingoni. Kila kliniki walisema ni choa, wakampa krimu. Mwisho nesi mmoja akamwambia, "Ni hizi shanga chafu. Toa zote!" Kwetu Turkana mwanamke aliyeolewa hakai shingo tupu. Hiyo ni ya matanga. Mama akazitoa. Majirani wakaja mbio kuuliza nani amekufa. Baba akawajibu, "Ni mimi. Nizikeni." Watu wakacheka, mama hakucheka. Na mabaka yalibaki palepale.

Siku moja saa mbili asubuhi mimi na mama tulipanda pikipiki hadi hospitali ya Lodwar. Kule mtu wa dirishani akatuambia daktari wa ngozi yuko Kakuma, wiki hii tu. Hata chai hatukunywa. Tulipata gari, probox, tukakaa wanne kiti cha nyuma, malori ya Lokichoggio yakitupulizia vumbi. Njia nzima mama alijikuna ubavu kwa kitana.

Kakuma tulifikia kwa mama mdogo, Nakiru. "Ejoka!" akatusalimia, lakini kikombe cha mama akakiweka kando.

"Dada, usikasirike, niko na watoto."

"Wakijikuna, mtaniita mimi mchawi?" mama akamuuliza, akanywa chai yake. Mimi nilikataa yangu.

Asubuhi tukaingia kwa daktari, mwanamke mfupi asiye na haraka. Alivuta pazia, akamwambia mama avue nguo zote. Mimi nilitafsiri.

"Sasa geuka, mama."

Mama akageuka. Kwa matako na kwa mapaja kulikuwa na mabaka makubwa kuliko yote, mengine mekundu, mengine meusi. Mimi mtoto wake sikuwahi kuyaona.

"Yalianzia wapi?"

"Hapo nyuma."

"Mbona hukusema kliniki?"

"Nani aliniuliza?"

Daktari akaniangalia. "Shanga zake zilifika huku?"

Nilitaka kupiga meza. Miaka minne! Wote walitibu shingo kwa sababu ndiyo waliyoweza kuiona bila kuinuka kwenye kiti.

Daktari akampiga mama sindano ya ganzi, akakata vipande viwili vidogo vya ngozi vipelekwe Nairobi. Akasema atarudi Kakuma mwezi ujao na majibu. Tulingoja kwa Nakiru, kila mtu na kikombe chake.

Siku ya majibu daktari alisema polepole, nami nikatafsiri polepole zaidi. Si choa. Ni kansa, ya aina isiyopata watu wengi. Chembe za damu zinazolinda mwili zimeharibika na kujaa kwenye ngozi. Haiambukizi. Haikuletwa na shanga wala uchafu.

"Nitakufa lini?" mama akauliza.

"Hii huenda polepole. Yako bado ni mabaka tu, na wengi wa hivyo huishi miaka mingi, wanakufa kwa uzee. Kuisha kabisa siwezi kukuahidi. Tutaituliza kwa dawa, na uangaliwe mwili wote kila miezi mitatu. Ukiona uvimbe, kidonda au tezi, usingoje."

"Nitaona mtoto wa huyu?" Mama akaninyooshea kidole.

"Huyu asipochelewa."

Walicheka wote wawili. Mimi nililia, halafu nikakasirika upya.

Jioni hiyo Nakiru aliposikia haiambukizi, alichukua kikombe cha mama akanywea humohumo.

Nimejifunza hivi: ukiwa mgonjwa, usikubali dawa kutoka kwa mtu ambaye hajakuangalia. Nilidhani ni mimi nitakayesema hivyo kwa niaba ya mama, kwa sababu nimesoma.

Tulirudi nyumbani. Miezi mitatu ikaisha, tukaenda kliniki ya Lorugum mama aangaliwe. Kijana mgeni alikuwa zamu. Alisoma barua ya daktari wa Kakuma, akachukua kalamu, akaanza kuandika dawa. Nilifungua mdomo. Mama alikuwa ameshasimama. Akampa mgongo, akaachilia shuka mpaka chini.

"Inuka," alimwambia kwa Kiswahili chake kidogo. "Angalia yote."

Kijana aliinuka.