Kidole cha Profesa

Kazini walimwita Kimya, na hakujali, maana wengi wa waliompa jina hilo aliwaona hawafai hata kuongeleshwa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwepesi wa kusonya kuliko kusema. Mdogo wake, msusi aliyeishi naye, alizoea kumwambia, "Dada, wewe ungemdharau hata daktari anayekutibu." Naye hujibu, "Inategemea daktari."

Kitu kimoja tu hakukidharau: viputo. Kwenye maabara ya chuo alikuwa na kipande cha kioo kilichochongwa mfereji mwembamba wa maji, na ubavuni mwa mfereji vishimo, kila kimoja kimenasa kiputo cha hewa. Chini ya kioo alikuwa amegandisha kidude cha kutoa sauti, sauti nyembamba mno, hata sikio haliisikii. Ikipigwa, kiputo hutetemeka, maji ya karibu yakazunguka, na kilichomo majini kikazunguka nayo, bila kuguswa na koleo wala sindano. Viputo navyo havilingani. Kikubwa huitikia sauti nzito kiasi, kilicho kidogo huitikia nyembamba zaidi. Kwa hiyo ukizungusha kitufe cha sauti taratibu, viputo hupokezana yai la mnyoo lisiloonekana kwa macho, likaenda likijipindua na kuonyesha kila upande wake. Kimya aliweza kukaa na yai moja asubuhi nzima, uso umemlainika kama wa mtu anayeogesha mtoto.

Halafu alikuwako Profesa, mkuu wa maabara. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchukiza Kimya zaidi. Mtu mbaya angalau ana uzito. Huyu alikuwa koti na manukato. Kitufe kile hakukigusa tangu kinunuliwe. Lakini wageni wakija, waliketishwa mbele ya skrini kubwa, Kimya akafichwa na hadubini yake nyuma ya kabati la vyombo, na Profesa akasimama mbele ya picha ya yai, akainua kidole.

"Njoo," huliambia yai. Kimya huzungusha kitufe, yai likaja. "Geuka." Likageuka. Wageni hucheka kwa furaha, naye Profesa huvikwa kilemba chake cha ukoka akiwa amefumba macho kidogo, kama paka anayekunwa shingo.

Siku moja mgeni mmoja akauliza kama jambo lile linahitaji mazoezi.

"Ni kipaji," Profesa akasema. "Wengine tunacho, wengine hawana."

Kimya alisikia. Alichungulia kando ya kabati, akaona kidole kinainuka. "Njoo." Yai lilikuwa katikati ya safari alipokizungusha kitufe hadi mwisho, sauti ikafa, naye akakunja mikono kifuani. Yai likasimama papo hapo. Chumba kikatulia tuli. Alingoja kwa raha zake jasho limtoke yule mtu.

Profesa alikitazama kidole, akalitazama yai, kisha akawageukia wageni na kushusha sauti. "Mnaona? Sasa nimeliambia lipumzike."

Makofi yakapasua chumba. Mama mmoja alifuta machozi.

Wageni walipoondoka, Kimya alijiandaa kwa ugomvi. Profesa akaja nyuma ya kabati, uso unameremeta.

"Ile ya kulisimamisha, uliifikiria lini?"

"Sikufikiria chochote. Niliacha kazi tu."

"Basi uwe unaiacha hapo hapo kila mara. Wameipenda mno." Akampigapiga begani na kwenda zake. Wala hakuwa akimkejeli. Mtu hata kutukanwa hajui, Kimya aliwaza.

Nyumbani alimsimulia mdogo wake, aliyecheka mpaka kitana kikamponyoka.

"Acha kazi, basi."

"Nimwachie viputo vyangu? Havitadumu hata mwezi."

"Basi mwambie ukweli."

"Nimemwambia. Haumwingii." Akambinulia mdomo. "Na wewe unavyocheka, huna tofauti na wale wageni."

Walipoletwa wageni wengine, Kimya alikuwa ameapa kulipitisha yai moja kwa moja, bila madoido. Kidole kikainuka. Yai likaenda, likajipindua, likaingia mahali mwanga ulipolipenya likawa kama shanga. Pale pazuri zaidi kuliko pale pa kwanza, akaona, na mkono wake ukaizima sauti. Akaliacha hapo, akazidisha kidogo ule ukimya.

"Nimeliambia lipumzike," Profesa akasema.

Nyuma ya kabati Kimya aliyasikiliza makofi mpaka yakaisha. Yalikuwa yamedumu kuliko ya mara ile, na alikuwa ameyangojea. Akajisonya mwenyewe. "Wajinga," akanong'ona, kisha akalirudisha yai mwanzo wa mfereji, maana kundi la pili lilikuwa tayari mlangoni.